Reli ya kiwanja cha ndege ijengwe kwa ajili ya nani?

Mji unapoanza kufikiria kupeleka metro, yaani treni za abiria za mjini, hadi kiwanja cha ndege, picha inayobandikwa kwenye mabango ya mradi ni ile ile: msafiri mwenye sanduku la magurudumu anatoka kwenye jengo la abiria, na dakika ishirini baadaye yuko katikati ya mji. Picha nzuri. Lakini mtu huyo pengine hupita kiwanjani mara mbili au tatu kwa mwaka. Anayepita kila siku ni msafishaji, mpakia mizigo, mkaguzi wa usalama, mpishi, fundi wa ndege. Kabla ya kubishana kuhusu njia ipite wapi, afadhali tukubaliane inajengwa kwa ajili ya nani, maana hilo ndilo linaloamua nauli, idadi ya vituo, na hata nafasi ya kusimama ndani ya behewa.

Wanaotaka treni ya haraka, isiyosimama njiani, wana hoja nzito. Anayewahi ndege hasumbuliwi sana na tofauti ya dakika kumi. Anachoogopa ni kutojua atafika saa ngapi. Halafu kuna mizigo. Ingia kwenye metro saa mbili asubuhi ukiwa na sanduku la kilo 23: kila mlango unapofunguka unasukumwa nalo, anayeshuka analiruka, na wewe umelibana kwa goti lisibingirike kwenye kona. Wenyeji wanaokwenda kazini wanakukasirikia, na wana haki. Juu ya hayo yote kuna mkopo wa ujenzi. Anayemudu tiketi ya ndege, wanasema, anaweza kulipa nauli ya juu ikasaidia kulipa deni.

Hong Kong walifanikiwa kwa njia hiyo. Kiwanja kipya na treni yake ya haraka vilifunguliwa pamoja mwaka 1998, na msafiri aliweza kukabidhi mzigo wake kwa shirika la ndege akiwa bado mjini, akapanda treni mikono mitupu. Ila wanaoutaja mfano huu husahau nusu yake ya pili: kwa sehemu kubwa ya safari, reli hizo hizo zinabeba treni ya kawaida ya wakazi, inayokwenda Tung Chung, mji mpya uliojengwa jirani na kiwanja. Gharama ya madaraja na mahandaki iligawanywa kati ya makundi mawili ya abiria.

Pale msafiri wa ndege alipotegemewa peke yake, mambo hayakwenda vizuri. Toronto walifungua treni yao Juni 2015 kwa nauli ya dola 27.50 za Kanada ukilipa taslimu. Mabehewa yakawa yanapita matupu. Machi 2016 nauli ikashushwa hadi dola 12, na abiria wakaongezeka zaidi ya mara mbili, wakiwemo wakazi wa mitaa iliyoko njiani ambao mwanzoni treni iliwapita kana kwamba hawapo. Delhi nako, njia ya kiwanjani ilifunguliwa mwaka 2011 chini ya kampuni binafsi, ikafungwa mwaka 2012 kwa kasoro za ujenzi, na mwaka 2013 kampuni ikajitoa. Shirika la umma la metro liliichukua, likapunguza nauli kwa awamu, na watu wakarudi. Kasoro za ujenzi ni mkasa wa Delhi wenyewe, lakini kuhusu nauli miji hiyo miwili inasema jambo moja.

Ushahidi unaonishawishi kuliko wote unatoka Sydney. Njia ya huko ilifunguliwa mwaka 2000 kwa ubia na kampuni binafsi iliyopewa haki ya kutoza ada ya ziada katika vituo vinne. Abiria walikuja wachache kuliko makadirio, na ndani ya mwaka huo huo kampuni ikashindwa na madeni. Mwaka 2011 serikali iliamua kulipa ada hiyo kwa niaba ya abiria katika vituo viwili vya makazi, Green Square na Mascot. Reli haikubadilika wala treni hazikubadilika, na bado matumizi ya vituo hivyo yalipanda sana. Watu walikuwepo muda wote, wakiishi jirani na kituo wasichokimudu.

Kasi nayo inahitaji kupimwa vizuri. Treni ya sumaku ya Shanghai inakwenda kilomita 30 kwa takriban dakika nane, maajabu ya uhandisi kabisa. Lakini inaishia kituo cha Longyang Road, mbali na katikati ya mji, na hapo unashuka na masanduku yako kuingia metro ya kawaida. London, treni ya haraka ya mwaka 1998 inatoka kiwanja cha Heathrow na kufika kituo cha Paddington, magharibi ya katikati ya mji, kwa dakika 15, lakini anayekwenda mashariki ya mji bado ana safari mbele yake. Njia ya Elizabeth, iliyofunguliwa mwaka 2022, ni ya taratibu zaidi, ila inapasua mji mzima, na unaweza kukaa kiti kimoja kutoka Heathrow hadi Canary Wharf, eneo la ofisi mashariki ya mji. Msafiri anahesabu dakika kutoka mlango hadi mlango. Hata tatizo la mizigo lina dawa: metro ya zamani ya Piccadilly ilipofika Heathrow mwaka 1977, ilikuwa na mabehewa yaliyoachiwa nafasi pana karibu na milango kwa ajili ya masanduku.

Kwa hiyo mimi naegemea metro ya kawaida, yenye vituo vya mitaa na nauli sawa na ya njia nyingine. Siyo kwamba haina gharama. Kila kituo kinaongeza dakika na fedha, na nauli ya chini ina maana kodi ya umma itabeba sehemu ya deni kwa miaka mingi. Mji usiokubali hilo wazi wazi bora uanze na mabasi yenye barabara yake. Abuja ilifikisha reli kiwanjani mwaka 2018, huduma ikasimama mwaka 2020, ikarejea 2024. Miaka minne inatosha mtu kuzoea teksi.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wapangaji hulipita haraka mno: saa. Zamu nyingi za kiwanjani huanza kabla ya mapambazuko, wakati metro nyingi zimefungwa usiku ili mafundi wakague reli. Treni ya kwanza ikiondoka saa kumi na moja alfajiri, mpakia mizigo anayetakiwa kazini saa kumi hana treni, hata kituo kiwe mlangoni kwake. Basi la usiku linalofuata njia ile ile, kwa tiketi ile ile, lingetakiwa kuwemo kwenye mpango tangu mchoro wa kwanza.

Mwaka 1927 Berlin ilifungua kituo cha metro kilichoitwa Flughafen, yaani kiwanja cha ndege, kwa ajili ya kiwanja cha Tempelhof. Miaka kumi baadaye kilibadilishwa jina kikawa Paradestraße. Ndege ya mwisho iliondoka Tempelhof mwaka 2008. Treni bado zinasimama pale, na wanaoshuka ni watu wa mtaa.