Mjomba Alipouliza "Mimi ni Nani?"

Sawa, naona Mbuta ameniwahi. Jumapili jioni sijafika hata Nyalenda, simu inatetema tu mfukoni, grupu tatu tofauti, na stori yake inasema ati kompyuta yangu ilihakiwa, yaani ilidukuliwa, katikati ya mkutano wa harusi na kwamba ukutani kulitokea picha. Hakukuwa na picha! Narudia kwa wale wamekaa nyuma: ha-ku-ku-wa na picha. Na hakuna mtu alinihaki, nilijihaki mwenyewe na vidole hivi hivi kumi mama alivyovilea kwa uji wa wimbi, kwa hivyo wacha niseme yangu kabla hii maneno haijafika Kakamega kwa shangazi zangu ikiwa imeota pembe.

(Mbuta si jina lake. Namwita hivyo mimi peke yangu, kwa sababu ya mdomo. Kama umewahi kuona mbuta, yule sangara mkubwa wa ziwani, akishushwa kwa mashua pale Dunga, Kisumu, unaelewa.)

Mnajua mimi na kompyuta zangu. Mwaka mzima nimekuwa kwa i3, ile ya Linux inayopanga madirisha yenyewe ubavu kwa ubavu yasilaliane, mausi unaisahau, kila kitu ni kibodi. Nilikuwa na raha yangu. Halafu wiki mbili zilizopita ujeuri ukanishika nikahamia dwm, nyingine ya kazi hiyo hiyo ya kupanga madirisha. Hii dwm iko tangu 2006, wenye kuiandika waliapa msimbo wake usizidi mistari 2000, na haina faili la mipangilio kama za watu wa kawaida, ukitaka kubadilisha hata rangi unafungua config.h, faili la msimbo wenyewe, unahariri lugha ya C, unakompaili upya (unaigeuza tena iwe programu) ndio uione. Na wamesema peupe kabisa kwamba wanapenda hivyo, watumiaji wabaki wachache wa kujidai, na mgeni asije na maswali ya kijinga. Mimi kusoma hapo nikasema hawa ndio watu wangu. Mimi, ambaye kazi yote niliyofanya ndani ya hiyo config.h ni kugeuza mstari wa juu ukawa kijani ya Gor Mahia, nikapiga skrinshoti, nikaposti. Mlilaiki wenyewe.

Sasa kuna kitu kimoja lazima muelewe kabla hatujaingia ukumbini, maana bila hicho mtadhani mimi ni mjinga tu (mimi ni mjinga, lakini kuna sababu). Kwa i3, ukibonyeza Alt Shift q, dirisha uliloko linafungwa. Hilo moja tu. Ukitaka kutoka kabisa ni vitufe vingine, na hata hapo inakuuliza kwanza, kweli unatoka? Kama mama akikuona umevaa viatu saa tatu usiku. Kwa dwm, hiyo hiyo Alt Shift q ni kuzima dwm nzima na kila kitu kilicho ndani. Haiulizi. Inakusukuma nje ukiwa na taulo. Kufunga dirisha moja kule ni Alt Shift c. Kichwa changu kilikuwa kinajua haya yote, vidole ndio havikuhudhuria hilo somo.

Basi, kamati ya harusi ya binamu yangu. Mimi ndiye naweka hesabu. Ukumbi wa kanisa upande wa Kondele, saa tisa mchana, joto la Kisumu mnalijua, mabati yanalia ka! ka! juu ya vichwa vyetu, watu kama thelathini hivi wa pande zote mbili. Projekta ya kuazima, ya zamani, inataka kebo ya VGA, na ThinkPad yangu X230 ya mitumba bado ina tundu la VGA (mlionicheka nikiinunua mko wapi leo). Nikachomeka, nikaandika xrandr, amri ya kuiunganisha skrini na projekta, kwa terminali, pole pole, makusudi kabisa, ili waone nikiandika. Bajeti ikapanda ukutani. Mama mmoja wa upande wa bibi harusi akamwambia mwenzake, "Huyu mtoto amesoma."

Hiyo sentensi ndiyo ilinimaliza. Nilikaa wima mpaka mgongo ukalia.

Nyuma ya pazia mambo yalikuwa hivi. Bajeti ilikuwa kwa Firefox, tagi ya 9 (tagi ni namba unazobonyeza kubadilisha madirisha yanayoonekana), dwm yenyewe ndiyo huipeleka huko, ilikuja hivyo mimi sikuguza. Tagi ya 5 WhatsApp, imefunguka kwa mazungumzo yangu na Mbuta. Tagi ya 3 video ya kufunza mtu mzima kufunga tai (msiniulize). Na tagi ya 1 faili moja linaitwa ukweli.txt. Kwa bajeti rasmi tunaandika "ameahidi". Kwa ukweli.txt naandika ukweli. Hilo lilikuwa langu la moyoni, la kunisaidia kulala, na nilikuwa nimelifungua nusu saa kabla ya mkutano kuongeza mstari mmoja tu. Shikeni hapo, kwamba ndilo dirisha nililofungua mwisho.

Mimi nilikuwa naona tagi ni kama vyumba, ukiwa sebuleni jikoni hakuonekani. Si vyumba, jameni. Ni mapazia, na kuna kamba moja ya kuyafungua yote.

Mjomba wa bibi harusi alikuwa mstari wa mbele, kwa kile kiti cha plastiki chenye mikono, kofia gotini. Akainua kidole. "Kijana, hizo herufi ni ndogo. Wengine wetu macho yameshastaafu."

Nikasema sawa mjomba. Ctrl na kujumlisha, mara moja, mbili, nikaendelea, mara sita, mpaka ukutani pakabaki neno JUMLA peke yake kubwa kama sufuria ya matanga. Watu wakacheka, kicheko kizuri tu cha kifamilia. Nami nikacheka. Kurudisha ni Ctrl na sifuri, kitu rahisi, lakini kwa ThinkPad kitufe cha pembeni kabisa si Ctrl, ni Fn, lazima usogee ndani kidogo, na mimi huku nacheka na mama yule huku ananiangalia kama daktari, nikasogea. Nikasogea sana.

Alt sifuri.

Kwa dwm, Alt sifuri ni "onyesha tagi zote kwa pamoja".

Ukuta ukapepesa. Dirisha jipya kuliko yote ndilo dwm hulipa nafasi kubwa kuliko yote, asilimia 55 ya skrini, upande wa kushoto, kama mgeni wa heshima. Mengine yakarundikwa kulia, moja juu ya jingine kama abiria wa matatu ya jioni: WhatsApp, mwanaume na tai yake, na chini kabisa kakipande ka JUMLA. Na kule kushoto, maandishi meupe juu ya weusi, fonti ya 18 kwa sababu hata macho yangu si mazuri, ukweli.txt.

Wadau, nimetuma kumbukumbu za mkutano kwa grupu ya kamati mara nne. Mara nne. Hakuna mtu hata mmoja amewahi kusoma. Siku hiyo watu wote walisoma. Kimya, unasikia feni ya projekta tu, na mjomba anatoa miwani kwa mfuko wa shati, anapangusa moja, anapangusa ya pili, anavaa. Halafu akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, kama somo la kwanza.

"Mwenyekiti. Ameahidi elfu ishirini. Ametoa mia tano na hotuba."

Mama mwenyekiti akashika leso yake.

"Shemeji wa Nakuru. Simu huzima kuanzia tarehe 28 mpaka tarehe 5."

Mimi hapo nimeshabonyeza Alt f. Kwa i3 hiyo hulipanua dirisha moja likafunika skrini yote, nikasema JUMLA ije initetee, ifunike dhambi zangu. Kwa dwm Alt f ni kitu kingine, ni madirisha kuelea, na hata hayakuelea popote, yalibaki pale pale yananiangalia. Kitu pekee kilichobadilika ni ile alama ndogo kwa mstari wa juu, ikawa hivi: ><>. Samaki. Aki naapa. Mimi naangamia mbele ya ukoo mbili na kompyuta inanichorea samaki. Kisumu hii.

"Mchungaji. Ameahidi maombi." Mjomba akatikisa kichwa, hiyo ni sawa. Akaendelea. "Yaliyopokelewa, sifuri."

Mchungaji alikohoa kidogo.

"Mjomba." Akanyamaza. Akasogeza miwani. Kuna upande wangu uliotaka kumwambia kuna wajomba wengi duniani. "Mjomba. Elfu hamsini tangu Machi. Hii ahadi itaolewa kabla ya bibi harusi."

Hapo kuna mtu wa nyuma alicheka, na sijui ni nani, na Mungu anamjua. Mjomba hakucheka wala hakukasirika, hiyo ndiyo mbaya, mzee akikukasirikia unajua pa kukimbilia. Aliendelea tu kusoma kwa sauti ile ile, na mimi macho yangu yameshatangulia chini kwa mstari wa mwisho, ule nilioongeza nusu saa kabla, na nikaona hapa sasa nimekufa.

"Mimi. Elfu kumi. Mwisho wa mwezi." Akashusha miwani puani. "Mwezi gani haijaandikwa."

Kimya.

"Mimi ni nani?"

Hakuna aliyejibu. Akageuka mzima mzima na kiti chake, kile kiti kikalia kwa sakafu kwiii, akaangalia watu mmoja mmoja. "Nauliza. Mimi ni nani?"

Na kutoka nyuma kabisa, kwa sauti ya mtu anayekula mandazi, Mbuta: "Omera, si ni mwenye kompyuta."

Mweka hesabu. Yule mtoto aliyesoma. Nimeandika ukoo mzima, nimemwandika mpaka mtumishi wa Mungu, na mimi mwenyewe sijatoa hata shilingi. Yule mama alinitazama, nikaona shahada zangu zote zikishuka machoni mwake moja moja.

Ndipo vidole vikaamua vyenyewe, vidole vya mwaka mzima wa i3. Funga hili dirisha. Alt Shift q.

Ukuta ukawa mweusi. Kila kitu. Bajeti, WhatsApp, tai, ukweli, samaki, vyote vimekwenda. Vikabaki vimistari vichache vya Kiingereza ambavyo vilikuwa vinasema seva imezimwa kwa mafanikio (kwa mafanikio!) na chini yake hii, mstari wa kusubiri amri, mshale unapepesa, herufi nyeupe, ukuta mzima:

bosi@ikulu:~$

Niliipa hiyo laptopu jina la ikulu nikiwa nimeshiba. Sikujua kama siku moja itasomwa na wazee.

"Ikulu?" mjomba akasema. Akaangalia tena. "Kwani hizi pesa zetu zinaenda Ikulu?" Kabla sijafungua mdomo, mwenyekiti naye, ambaye bado alikuwa na uchungu wa ile hotuba, akanyoosha kidole: "Na hiyo alama ya dola ni ya nini? Sasa mnatuchangisha kwa dola?"

Nilichomoa kebo. Chai ikaletwa mapema kuliko ratiba. Mjomba akatoa simu akatuma elfu hamsini kwa M-Pesa hapo hapo, zote, halafu akaninyooshea skrini yake akasema haya, sasa tuone za Mimi. Nikatuma elfu kumi. Ilikuwa pesa ya nyumba. Mwenyekiti akaongeza yake, mpaka mchungaji alitoa elfu mbili, tukakusanya siku hiyo kuliko mikutano yote ya nyuma, na hakuna aliyenishukuru. Shemeji wa Nakuru tulimpigia, simu imezima. Ilikuwa tarehe 3. Nikatembea kwa miguu kutoka Kondele kwa sababu sikutaka kukaa na mtu kwa tuktuk.

Wale mnaoandika "si utumie Windows tu", nawaona, sitawajibu. Jana usiku nilifungua config.h nikafuta ule mstari wa kutoka, nikakompaili, safi, sasa Alt Shift q haifanyi chochote. Leo asubuhi nikataka kutoka kweli, hakuna mlango. Nilishikilia kitufe cha pawa kama mtu anayezima jenereta. Najua kuna pkill, amri ya kuua programu, msinifunze.

Mkutano ujao ni Jumapili. Nimeambiwa nije na kauntabuku na kalamu, na laptopu ibaki nyumbani.

Lakini kuna kitu Mbuta hakuwaambia kwa stori yake ya picha. Kile kidirisha cha WhatsApp kilikuwa pale kulia, juu kabisa, wazi, na ujumbe wa mwisho hapo haukuwa wangu. Ulisema "mwambie huyo mjomba apunguze methali aongeze pesa", na juu yake lilikuwa jina kama nilivyolisevu mimi: Mbuta Mdomo. Mjomba alisoma, ile tu hakuisoma kwa sauti. Amenipigia leo saa nne. Hakuuliza habari za asubuhi. "Kijana, Mbuta Mdomo ni nani?"

Nimemwambia mjomba, sikumbuki vizuri, nitaangalia kwa kompyuta.

Mbuta, kaka yangu, endelea tu kuposti hiyo stori ya picha. Naangalia.