Kukatwa si kuraruliwa

Mfupa uliokatwa kwa panga haufanani na uliotafunwa na fisi. Wa panga una ukingo laini. Wa fisi umepasukapasuka na una alama za meno. Muuza nyama yeyote wa Dagoretti atakueleza hayo bila kusomea udaktari. Lakini tofauti hiyo ndiyo iliyomla John Ward zaidi ya miaka thelathini ya maisha yake.

Binti yake Julie, Mwingereza wa miaka 28 aliyependa kupiga picha za wanyama, alitoweka Maasai Mara Septemba 1988. Gari lake aina ya Suzuki lilionekana limekwama korongoni. Baba mtu, aliyekuwa amekodi ndege kumtafuta, akajikuta porini mbele ya majivu ya moto, na hapo palikuwa na kipande cha taya na sehemu ya mguu. Wakubwa wakasema ameliwa na wanyama. Simba na fisi wapo Mara, sawa. Moto uliwashwa na nani?

Daktari aliyechunguza mabaki Nairobi aliandika kwamba yalikatwa. Ripoti ilipotoka, kukatwa kumegeuka kuraruliwa. Mkubwa wake alijitetea baadaye kwamba alikuwa akisahihisha Kiingereza. Ward, mwenye hoteli asiyewahi kuwa mpelelezi, akamtafuta mtaalamu wa Cambridge, naye akasema yalikatwa. Mwaka 1989 hakimu wa Nairobi akaamua kwamba Julie aliuawa.

Tukisikia mpelelezi wa kibinafsi amefufua kesi ya zamani, tunangoja aje na jina la muuaji. Ward hakumpata. Askari wawili wa hifadhi waliachiliwa na mahakama mwaka 1992, mshtakiwa wa tatu mwaka 1999. Ward alisafiri kuja Kenya zaidi ya mara mia moja, akatumia takriban pauni milioni 2, na akafariki mwaka 2023 bila mtu yeyote kuhukumiwa. Hata hivyo kwangu mimi kazi yake ilikuwa kubwa: alilirudisha neno lililobadilishwa mahali pake. Bila yeye, faili ingesema fisi mpaka leo.

Kinachonikera ni bei. Ni mzazi gani wa Kangemi au Kisii atakayekodi ndege, amlipe mtaalamu wa ng'ambo, aache kazi yake? Kenya ilipitisha sheria ya kuunda huduma huru ya uchunguzi wa vifo mwaka 2017, kisha miaka ikapita bila huduma hiyo kuanza. Ningependa ianze, na daktari anayepasua maiti asiwe chini ya mkono wa polisi. Tena familia ikabidhiwe nakala ya ripoti siku ileile daktari anapoitia sahihi, kabla haijapita meza ya pili. Ward alihitaji kwanza kuona kilichoandikwa mwanzoni. Mengine yote yalifuata hapo.

Jirani yetu mmoja alimzika mwanawe miaka kadhaa iliyopita. Karatasi aliyopewa mochari ameikunja mara nne, anaiweka ndani ya Biblia. Siku moja aliniomba nimsomee, maana imeandikwa kwa Kiingereza cha madaktari. Niliisoma mara mbili, polepole. Halikuwamo neno hata moja kuhusu jeraha la kisogoni aliloliona mwenyewe alipokuwa akimwosha.