Kitanzi cha nodi na deni la of_node_put

Jamani wiki nzima nimekaa na draiva moja ya ADC, ile chipu inayogeuza volti kuwa namba, na kilichonikalisha wala sio hesabu za volti, ni kitanzi kimoja, yaani kipande cha kodi (code) kinachojirudia, kinachopita kwenye nodi za mti wa vifaa (device tree), yale maelezo ya matawi yanayosema bodi ina chipu gani, kila tawi ni nodi. Nimetoka na msimamo na nausema wazi, vitanzi vyote vya mtindo wa zamani kwenye kerneli ya Linux, kile kiini cha mfumo, vihamishwe kwenye makro mpya za scoped, zile zinazoachia nodi zenyewe, ila anayehamisha akisome kila kitanzi kwa macho yake, sio kuendesha skripti halafu ukalale.

Kwa asiyegusa mambo haya: kompyuta ya mezani inaweza kuuliza basi la PCI nani yupo, ila ubao mdogo wa ARM hauna wa kumuuliza, chipu iliyokaa kwenye I2C, basi la nyaya mbili la kuunganisha chipu, haijitambulishi hata kidogo, kwa hiyo kerneli inapewa maelezo yameandikwa kabisa, faili la maandishi la DTS linapita kwa dtc, zana ya kuligeuza, linakuwa blobu ya baiti, butiloda, programu inayoianzisha kerneli, inaikabidhi. Huo ndio mti wa vifaa. Wazo lenyewe ni la Open Firmware, kiwango cha IEEE 1275 ya 1994, enzi za prosesa za SPARC na PowerPC, na ARM waliingia kwa nguvu baada ya 2011 pale Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipochoka hadharani na lundo la faili za bodi. Ikishakunjuliwa kwenye memori, kila nodi inamjua mzazi wake, mtoto wake na ndugu yake.

Sasa kila nodi ina hesabu ya wanaoishikilia. of_node_get inaongeza moja, of_node_put inapunguza moja, ni kama kuazima sufuria kwa jirani, ukimaliza kupika unarudisha. Ukitumia for_each_child_of_node, kitanzi kinachukua mtoto anayefuata na kumwachia aliyetangulia, kikifika mwisho hudaiwi chochote. Balaa ni kutoka katikati. Ukipiga break au return au goto, yule mtoto uliyekuwa umemshika bado yuko mkononi na lazima umwachie mwenyewe, la sivyo memori yake inavuja.

Kwenye draiva yangu kitanzi kinasoma channel@0 mpaka channel@7, nodi za njia za kuingizia volti, na kina milango minne ya kutokea katikati. Nimeihesabu. Miwili ina of_node_put, miwili haina. Aliyeandika mara ya kwanza hakuwa mzembe, milango yake yote alifunga, ile mingine iliongezwa baadaye na watu wengine waliokuja kuongeza ukaguzi wa mistari miwili mitatu na hawakuona haja ya kusoma kitanzi kizima. Hapo ndipo napokataa ile kauli ya "watu wawe makini tu". Kerneli ina hadi skripti ya Coccinelle, ile zana ya kukagua kodi inayoendelezwa Inria, taasisi ya utafiti kule Ufaransa, kazi yake kuwinda makosa ya aina hii, na bado pachi, yaani marekebisho, za of_node_put iliyosahaulika zinaendelea kuja. Mtindo unaomtaka kila mtu akumbuke kila mara, mtindo huo ndio mbovu.

for_each_child_of_node_scoped iliingia 2024 kwenye kerneli 6.9, imejengwa juu ya cleanup.h ya 2023, faili la kerneli la kusafisha vitu vyenyewe. Variabo ikitoka tu nje ya kitanzi, kwa njia yoyote ile, kompaila, programu inayogeuza kodi kuwa amri za mashine, yenyewe inapanga of_node_put iitwe. Basi.

Kuna wanaosema hasara yenyewe haipo, kwa sababu OF_DYNAMIC, chaguo la kerneli linaloruhusu mti kubadilika mashine ikiwaka, ikizimwa get na put hazifanyi kitu chochote. Ni kweli, na kwa bodi nyingi mti haubadiliki toka inawaka mpaka inazimwa. Lakini draiva haichagui kerneli itakayoibeba, kuna wanaopakia overlay, vipande vya kuongeza kwenye mti, na kuzitoa mashine ikiwa inatembea, halafu watu tunanakili draiva za wenzetu tukianza zetu, kwa hiyo kosa linazaana.

Ila skripti peke yake itakuumiza, nisikilizeni hapa. Kuna fankisheni zinazotafuta mtoto na kumrudisha kwa aliyeita, kwa makusudi kabisa, deni linahamia kwake. Ukiweka scoped pale bila kufikiri, nodi inaachiwa palepale kwenye return na aliyeita anapokea kitu kisicho chake tena, umetoka kwenye kuvujisha memori umeingia kwenye kutumia memori iliyokwisha achiwa, ambayo ni mbaya mara kumi. Pale inatakiwa of_node_get, au no_free_ptr inayozuia nodi isiachiwe yenyewe. Ukisahau kufuta of_node_put ya zamani ndani ya kitanzi, umeachia mara mbili. Na ukiacha child, variabo ya mtoto, ya zamani imetangazwa juu ya fankisheni wakati makro inatangaza ya kwake, kodi ya chini inayomtumia child baada ya kitanzi inamwona mwingine kabisa.

Na tafadhali msichanganye kila kitu kwenye pachi moja. Kwanza rekebisha uvujaji kwa of_node_put ya kawaida, hiyo inaenda mpaka kwenye kerneli za zamani ambazo hazikuzaliwa na hii makro, ndio ufuate na pachi ya kupanga upya. Anayetunza kerneli ya miaka mitatu nyuma atakushukuru.

Mimi nilijaribu hivi, niliandika overlay yenye channel@9 kusudi, namba ambayo chipu haina, nikaipakia, draiva ikaikataa kama inavyotakiwa, nikaitoa. dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, ikalalamika, rifkaunta, ile hesabu ya wanaoishikilia nodi, ilitakiwa iwe 1 kumbe ni 2. Nikaweka pachi zote mbili, nikapakia, nikatoa, nikarudia mara ishirini, na dmesg haikusema kitu.