Elementi za pengo hazijapitwa na wakati

Nguzo ya chuma ya godauni la kule Athi River inaposimama juu ya zege, hakuna kinacholigandisha bamba lake na zege hilo. Upepo ukiinua paa la mabati, bamba huachana na zege na bolti pekee ndizo hubaki kushika. Fundi yeyote analijua hilo, lakini modeli ya elementi finiti, yaani hesabu ya kompyuta inayougawa muundo katika vipande vidogo vinavyoungana kwenye nukta ziitwazo nodi, hailijui mpaka iambiwe. Kuna njia mbili za kuiambia: kuunganisha nodi mojamoja kwa elementi za pengo, ambazo husukuma zinapobanwa na kuachia zinapovutwa, au kutangaza nyuso mbili kisha kuiachia programu itafute zinapogusana. Njia ya kwanza husemwa kuwa ya kizamani. Hukumu hiyo ni ya haraka mno, hasa kwa kazi zinazojaza meza za wahandisi wa Nairobi.

Wanaopendelea mguso wa nyuso wana hoja nzito. Nodi za pande mbili si lazima zilingane. Nyuso zinaweza kuteleza mbali, kupinda na kugusana mahali papya, ilhali mwelekeo wa elementi ya pengo hubaki ulivyowekwa mwanzoni, kwa hiyo inafaa tu pale mtelezo ni mdogo. Kuna pia mtego wa elementi zenye nodi za katikati ya kingo. Kwenye uso wa nodi 8, mgandamizo ulio sawa kote huipa kila nodi ya pembe −1/12 ya nguvu yote na kila nodi ya katikati 1/3. Elementi ya pengo iliyo kwenye pembe husoma alama hiyo hasi kuwa ni mvuto, ikafunguka ilhali zege linabanwa kweli. Anayetaka elementi za pengo atumie nyuso za nodi 4, ambako kila nodi hupata robo. Kwa kazi ya gia, mpira unaobonyea sana au mashine yenye sehemu zinazozunguka, sina ubishi: mguso wa nyuso ndio unaofaa.

Lakini bamba la nguzo haliendi popote. Tuchukue bamba la milimita 400 kwa 400 lenye bolti 4, juu ya kitako cha zege chenye kina cha milimita 600. Zege la MPa 30,000 likigawanywa kwa 600 linatoa ukakamavu wa N/mm³ 50, yaani nguvu ya kulibonyeza milimita moja kwa kila milimita ya mraba. Meshi, yaani mgawanyo wa vipande, ikiwa ya milimita 25, tunapata nodi 289. Kila nodi ya ndani inabeba eneo la milimita za mraba 625, yaani N/mm 31,250. Nodi za ukingoni hupata nusu ya hiyo, na za pembe nne hupata robo. Wengi huweka thamani moja kote, na kingo zikawa ngumu kupita zilivyo, mahali hasa ambapo jibu linaamuliwa.

Iwapo pengo linawakilisha mguso mtupu na si ulaini wa zege, programu ya Nastran inashauri ukakamavu wa pengo lililofungika uwe mara elfu moja hivi ya ule wa nodi jirani. Ukiwa mdogo sana, vitu hupenyana. Ukiwa mkubwa sana, hesabu hupoteza tarakimu, na pengo hufunguka na kufungika bila kutulia. Kuandika 10 kwa kipeo cha 15 “ili liwe gumu kabisa” ni kujitafutia usiku mrefu.

Kisha mwelekeo. Katika programu ya SAP2000, kiungo cha aina ya pengo hubeba nguvu pale nodi ya pili inapoisogelea ya kwanza. Nodi mbili zikiwa mahali pamoja, mhimili wa kwanza huelekea juu, hivyo nodi ya kwanza lazima iwe ya zege na ya pili iwe ya bamba. Ukizigeuza, zege litavuta bamba na halitalizuia kushuka. Pia pengo lililo wazi halina ukakamavu wowote, kwa hiyo bamba lisiloshikwa kwa upande au kwa wima litaifanya matriksi, yaani jedwali la milinganyo ya modeli, ishindwe kutatuliwa. Weka springi dhaifu, tuseme N/mm 1, kisha hakikisha mwishoni kwamba haikubeba kitu cha maana.

Hayo yote hayazidi kosa moja ambalo naliona kuwa hatari kuliko mengine, nalo ni kuzidisha au kujumlisha majibu baada ya hesabu. Nguzo inashuka kwa kN 60 za uzito wa jengo, na upepo unainua kwa kN 55. Mhandisi anaendesha uzito pamoja na upepo bila vizidishio vya usalama. Zinabaki kN 5 za kushuka, mapengo yote yamefungika, bolti zinaonyesha sufuri. Anazidisha kwa 1.5, na sufuri inabaki sufuri. Lakini Eurocode, kanuni za Ulaya za usanifu wa majengo, kwa hali ya kuinuka inataka 0.9 ya uzito na 1.5 ya upepo: 54 toa 82.5, yaani kN 28.5 za kuinua, zote juu ya bolti. Modeli imeundwa sawasawa, ila jibu lake linasema bolti hazihitajiki.

Tatizo hilo lipo pia kwa mguso wa nyuso, kwa sababu liko kwenye fizikia yenyewe. Kila mchanganyiko wa mizigo uendeshwe peke yake kama hesabu isiyo ya mstari, ambamo jibu halikui kwa uwiano ule ule na mzigo, uzito ukitangulia na upepo ukifuata kwa hatua. Katika hesabu ya mstari, SAP2000 hulichukulia pengo kama springi ya kawaida yenye ukakamavu ulioandikwa kando kwa ajili ya hesabu hiyo, inayovuta na kusukuma sawasawa, na picha ya msogeo inaweza kuonekana safi kabisa.

Hapa ndipo elementi ya pengo inapojitetea. Kila moja inatoa namba moja: nguvu, au sufuri. Jumla ya 289 hizo, ukitoa mvuto wa bolti, lazima ilingane na mzigo wa nguzo, na mtu anaweza kuihakiki kwa kikokotoo. Mguso wa nyuso hutoa ramani ya rangi ambayo mara nyingi hutazamwa tu.

Tofauti inaonekana wazi bamba hilohilo likipewa momenti (nguvu ya kupindua) ya kNm 40 bila mzigo wa wima. Likigandishwa kwenye zege na kuchukuliwa kuwa gumu, nusu yake huvutwa na zege kwa kN 150, mkazo ukifika MPa 3.75 ukingoni, na bolti hazipati karibu chochote. Likiwekewa mapengo, na bolti zikiwa milimita 50 kutoka ukingoni, mkono wa nguvu, yaani umbali kati ya mvuto wa bolti na mgandamizo wa zege, ni kama milimita 320. Bolti mbili za upande wa mvuto zinagawana takriban kN 125, kabla ya nyongeza inayotokana na kupinda kwa bamba lenyewe. Ukikuta pengo lenye nguvu ya mvuto kwenye jedwali la majibu, rudi kwenye mpangilio wa nodi kabla ya kugusa kingine chochote.