Panya mwenye afya na mfupa usiotaka kuunga

Mifupa mingi iliyovunjika huunga ikitulizwa vizuri. Inayokataa ndiyo huwatesa wagonjwa, hasa muundi uliotoboa ngozi na kuingia uchafu, jeraha ambalo wodi zetu hulijua kupitia ajali za bodaboda. Dawa za mifupa hiyo hujaribiwa kwanza kwa wanyama, na mnyama anayetumiwa sana, kwa maoni yangu, hafanani na mgonjwa.

Jaribio lililozoeleka ni kukata kipande cha milimita 5 hadi 8 kwenye fupa la paja la panya, pengo ambalo hawezi kuliziba mwenyewe. Kwa kondoo hukatwa takriban sentimita 3 za muundi.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito. Mwaka 1965 Marshall Urist, daktari wa Marekani, alionyesha kwamba mfupa ulioondolewa madini, ukipandikizwa ndani ya msuli wa mnyama, huotesha mfupa mpya. Kutoka hapo ikapatikana BMP-2, protini inayochochea mfupa kuota. Mwaka 2002 utafiti wa wagonjwa 450 wenye muundi uliotoboa ngozi ulionyesha kuwa waliopewa dozi kubwa ya protini hiyo walirudishwa chumba cha upasuaji mara chache zaidi. Seli zinazokuzwa kwenye kisahani cha maabara zisingetufikisha huko: hazibebi uzito wala hazina mishipa ya damu.

Lakini panya alitosheka na dozi ndogo, binadamu akahitaji kubwa zaidi. Protini hiyo ilipotumiwa shingoni, mahali ambapo haikuwa imeidhinishwa, baadhi ya wagonjwa walivimba hadi wakashindwa kupumua, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa onyo. Mnyama alituambia dawa inafanya kazi. Madhara yake tuliyajua kwa wagonjwa.

Tena panya wa maabara kwa kawaida ni kijana na mzima. Mgonjwa ni mzee, mvutaji sigara, au ana kisukari. Hata panya wa kisukari mara nyingi huharibiwa kongosho kwa kemikali ya streptozotosini, hali inayokaribia aina ya kwanza ya ugonjwa, ilhali wagonjwa walio wengi wana aina ya pili.

Basi tutumie panya wazee, wagonjwa, wenye vidonda vyenye vijidudu? Nasema ndiyo, ingawa hapa ndipo panaponiuma: kadiri mnyama anavyomkaribia mgonjwa, ndivyo anavyoteseka zaidi. Sioni uhalali wa kuendelea kumkata panya mzima ili kupata jibu ambalo halitamfaa mgonjwa. Panya mzee au mgonjwa walau anauliza swali la kweli, na kwa hiyo anastahili wachache wa aina yake watumike, na maumivu yao yatulizwe. Dawa za maumivu za kundi la indometasini huchelewesha mfupa wa panya kuunga, hivyo kuna kishawishi cha kumnyima mnyama dawa yoyote. Lakini buprenofini, dawa ya maumivu ya kundi jingine, ipo, na hutumika kwa panya. Jaribio lisilopanga kutuliza maumivu lisiruhusiwe kuanza.