Buddy Holly ana jumba lake. Hukwe Zawose je?

Jumamosi nilipita mbele ya jumba la sanaa hapa Lubbock, nikasoma jina lililoandikwa juu, nikapandwa na hasira. Siwalaumu Wamarekani, nawalaumu watu wetu.

Lubbock, Texas, ni tambarare kavu; upepo ukivuma, vumbi unalitafuna. Mtu wa Dodoma hana cha kushangaa. Katikati ya mji huu wa pamba, mwaka 2021 walifungua jumba la maonyesho: ukumbi mkubwa wa viti 2,297, na mdogo wa viti 415. Wakaliita Buddy Holly, mpiga gitaa aliyezaliwa hapahapa mwaka 1936 na kufa kwa ajali ya ndege akiwa na miaka 22. Mtoto wao.

Wetu je? Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo kutoka Dodoma, alilifikisha zeze, ala ya nyuzi ya Wagogo, Ulaya na Japani, akafariki mwaka 2003. Ukumbi wetu mkubwa Dodoma ni wa mikutano na una jina la Rais mstaafu, Jakaya Kikwete. Siupingi. Lakini akina mama wa muheme, ile ngoma ya wanawake wa Kigogo, tunawaweka juani, ngoma wamezibana mapajani, jasho linatiririka hadi kwenye shanga, wanamsubiri mgeni rasmi. Akifika, wanapewa dakika mbili, MC anasema "asanteni sana", basi.

Najua mtasema: "Kafika Marekani, anatudharau." Nimdharau nani? Ningekuwa nadharau muziki wetu nisingeutafutia jumba!

Au mtasema: "Maji kwanza." Ndugu yangu, nimekulia Nkuhungu, hapo hapo Dodoma, madumu nayajua. Mbona hatukusubiri kila bomba litoe maji ndipo tujenge Mtumba, mji wa Serikali? Wizara zimepata majengo, treni imepata stesheni ya kisasa, nami najivunia vyote viwili. Ikifika zamu ya ngoma ndiyo tunakumbuka maji?

"Si kuna tamasha la muziki wa Kigogo Chamwino?" Lipo, na ni zuri kweli. Ila tamasha lina siku zake. Kijana wa Majengo, Dodoma mjini, akitaka kusikia zeze Jumanne jioni aende wapi? Baa? Zeze sauti yake ni ndogo, spika za baa zinalimeza lote. Linataka kuta zinazobeba sauti na watu walionyamaza.

Sidai viti 2,297. Tuanze na 400, jirani na Nyerere Square, daladala zinapofika, na akina mama wa muheme walipwe kutoka kwenye kiingilio. Soda na nauli ya kurudi si malipo.