Ratiba imebadilika, na bibi ameketi tangu alfajiri

Ujumbe uliingia saa tano na nusu usiku: "Wapendwa washiriki, pokeeni ratiba iliyoboreshwa." Nilikuwa nimeshajilaza nyumbani kwa dada yangu Sinza, feni inazunguka, watoto wamelala. Faili la kongamano letu la historia, hapa Dar es Salaam, lilikuwa limeandikwa RATIBA MPYA 3. Nikalifungua kutafuta jopo letu, la kumbukumbu za Vita vya Maji Maji, ambalo ndilo lililonitoa Hamburg nikakata tiketi kwa fedha yangu. Saa nne asubuhi halikuwepo tena. Mahali pake pameandikwa "Hotuba ya mgeni rasmi". Sisi tumesukumwa hadi saa tisa alasiri, na kati ya watoa mada wanne, majina ya wawili yameondolewa.

Ninaishi Ujerumani mwaka wa kumi na nne sasa, nafanya kazi na nyaraka za kale, na makongamano ya historia ni sehemu ya mkate wangu. Tunaoishi nje tuna tabia ambayo siku hizi inanikera sana. Tukikutana na jambo kama hili tunacheka, "ndiyo Bongo hiyo", kisha tunaanza kusimulia jinsi Ulaya mambo yanavyokwenda kwa saa. Nimewahi kuyasema hayo, tena mbele ya watu. Baada ya siku tatu za kongamano lile siwezi kuyasema tena. Lakini pia siwezi kusema kwamba hakukuwa na tatizo, kwa sababu nilimwona bibi.

Alikuwa ametoka Umatumbini, kule kwenye vilima vya Kilwa ambako vita ilianzia mwezi Julai 1905. Umri wake umepita themanini. Kamati ilimwalika aeleze yale aliyosikia kwa bibi yake mzaa mama, aliyeyaona kwa macho. Bibi huyu hana simu ya kupokea mafaili. Alikuwa amefikia kwa mjukuu wake Mbagala, na kwa kuwa ratiba aliyosomewa ilisema saa nne, walitoka nyumbani alfajiri mbichi, kabla hata ya adhana, ili foleni ya Barabara ya Kilwa isiwakute. Nilipofika saa mbili nilimkuta kiti cha mbele, khanga mbili mpya, kikapu mapajani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, umekula? Ndani ya kikapu alikuwa na ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa, iliyochemshwa, imefungwa kwenye jani. Alitaka watu waione na waionje, kwa sababu ndicho walichochimba porini baada ya jeshi la Wajerumani kuchoma mashamba na maghala.

Mgeni rasmi alikuwa afungue kongamano siku ya kwanza, akapata majukumu mengine ya kitaifa, ufunguzi ukahamishiwa siku ya pili. Siku ya pili naye hakuja, akaja mwakilishi wake, saa tano na robo. Tukasimama. Itifaki ikazingatiwa, jina kwa jina. Hotuba ikasomwa kwa takriban saa nzima, kisha picha ya pamoja, kisha picha ya meza kuu na wafadhili, kisha picha ya meza kuu na kamati ya maandalizi, kisha chai iliyopaswa kunywewa saa nne. Msafara ukaondoka. Kati ya waliotoka nao, wengi hawakurudi ukumbini.

Bibi alipewa kipaza sauti saa kumi na dakika ishirini. Mshereheshaji, kijana mwenye adabu zake, alimwinamia akasema, "Bibi, kwa kifupi tu, tuna dakika sita." Akamjibu taratibu, "Mwanangu, vita ile haikuwa fupi." Ukumbi ulikuwa na watu labda ishirini. Alizungumza, akakatizwa, akashukuriwa, akapigiwa makofi. Kikapu hakikufunguliwa.

Sasa nije kwetu Ujerumani. Mkutano mkuu wa wanahistoria wa kule ulianza Munich mwaka 1893, na siku hizi hufanyika kila baada ya miaka miwili. Programu yake hutoka miezi mingi kabla, na ukisoma kwamba jopo fulani liko chumba fulani saa tatu kamili, wewe nenda, utalikuta. Una dakika ishirini. Zikibaki tano mwenyekiti anakuonyesha karatasi, zikiisha anasimama, hata kama wewe ni profesa mwenye mvi na vitabu kumi. Kinachonigusa zaidi ni kwamba hawezi kutokea mtu wa serikali akavunja kikao cha mwanafunzi wa shahada ya uzamivu. Akija waziri anahutubia jioni aliyopangiwa, na asipokuja kikao kinaendelea.

Si kwamba hawabadilishi. Kongamano la kimataifa la sayansi za historia, lile la kila miaka mitano, lilipaswa kufanyika Poznań, Polandi, mwaka 2020, UVIKO ukalizuia, likafanyika Agosti 2022. Treni zao nazo zinachelewa, tena sana, msidanganywe. Lakini treni ikichelewa saa nzima, sheria ya Umoja wa Ulaya inakupa haki ya kurudishiwa robo ya nauli, na ikichelewa saa mbili, nusu. Muda wa abiria umehesabiwa kuwa mali, hata abiria huyo awe mfagizi. Hilo ndilo ningependa tulichukue kule. Muda wa bibi kutoka Umatumbini ni mali, na siku ile tuliutumia bila kumwomba.

Ila kuna upande ambao wanaosifu Ulaya hawausemi. Miaka michache iliyopita rafiki yangu, mtafiti wa hapa hapa Dar es Salaam, alikubaliwa kutoa mada katika mji mmoja wa Ulaya. Mada yenyewe ilikuwa juu ya mafuvu na mifupa ya watu wetu iliyopelekwa huko wakati wa ukoloni. Alikuwa na barua ya mwaliko, tiketi imelipiwa, taarifa ya benki, barua ya mwajiri, hati ya nyumba ya baba yake. Jibu la viza lilitoka kongamano limekwisha. Mimi nilikuwa ndani ya ukumbi ule. Ratiba haikubadilika hata dakika moja. Kibao chenye jina lake kilikuwa mezani, kiti kitupu nyuma yake, na mwenyekiti akasema kwa masikitiko kwamba mwenzetu hakuweza kusafiri, hivyo tutakuwa na muda mrefu kidogo wa kahawa. Watu wakaenda kunywa kahawa. Mada yake ya kurasa ishirini ilikuwa kwenye kompyuta ya waandaaji tangu mwezi mmoja kabla, na hakuna aliyefikiria kuisoma.

Tangu siku ile nikisikia neno "mpangilio" naona kile kiti. Mambo yalikwenda kwa saa kabisa, na mtu aliyehusika zaidi na jambo lililokuwa likijadiliwa hakuwepo.

Swali la nani apande jukwaani na nani aachwe nje halikuanza leo, wala halitoki Ulaya peke yake. Juni 1974 Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika lilifanyika hapa hapa mjini, Ukumbi wa Nkrumah, ule uliokuwa nyuma ya noti ya shilingi 500. C.L.R. James, mwanahistoria wa Trinidad na mmoja wa watu waliolipigania kongamano lile mpaka likaitishwa, hakuja. Alisusa, kwa sababu wajumbe wa vyama visivyo vya serikali kutoka Karibiani walizuiwa kushiriki. Jina moja likikosekana kwenye ratiba huwa kuna uamuzi nyuma yake, na uamuzi una mwenyewe.

Turudi kwenye moja ya yale majina mawili yaliyoondolewa. Mwenye jina hilo alikuwa anatoka Ghana na ndege yake ilikwama njiani. Kwa Ulaya hapo ndipo ingekuwa kahawa. Hapa, saa moja asubuhi, kamati ilimpigia mwanafunzi wa uzamili, binti wa miaka ishirini na kitu, akiwa kwenye daladala kutoka Kimara: "Unaweza kusoma mada ya mgeni wetu?" Akakubali. Akaisomea kwenye simu, amesimama, kwenye foleni ile ile tunayoilaani. Alasiri alisimama akaisoma vizuri, bila haraka, na alipomaliza akaomba dakika tatu zake. Akatueleza alichokiona kwenye majalada ya Wajerumani yaliyohifadhiwa Nyaraka za Taifa pale Upanga: jinsi orodha za kodi za wilaya moja zinavyokatika ghafla mwaka 1905 na zinaporudi vijiji kadhaa havimo tena. Hakuwa amepangwa popote kwenye ratiba, wala RATIBA MPYA 1, wala 2, wala 3. Kwangu mimi ilikuwa mada bora ya siku zote tatu, na nimemwandikia kumwambia hivyo.

Hilo la kumshika mwenzako nafasi, kuisoma kazi yake kana kwamba ni yako, kuhakikisha kiti hakikai kitupu, tunalo sisi. Sijaliona Hamburg. Nawasihi sana wenzangu wa nyumbani msilitupe siku mtakapoamua kuwa watu wa saa. Kinacholiharibu ni kwamba tunanyumbuka zaidi kwa wakubwa. Ratiba yetu ni laini kama ulimi mbele ya gari la serikali, na ngumu kama jiwe mbele ya bibi mwenye dakika sita.

Kwa fani ya historia hili ni zito kuliko fani nyingine. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu hapa Dar es Salaam walitawanyika kusini kukusanya masimulizi ya Maji Maji kwa wazee waliokuwa bado hai. Ilikuwa miaka sitini na tatu tangu vita ianze. Waliwahi. Kama wangeambiwa wasubiri mpaka mgeni rasmi apatikane, leo tusingekuwa na sauti zile, tungebaki na ripoti za maofisa wa Kijerumani tu. Waliosimulia mwaka ule wote wametangulia. Sasa tunao wajukuu wao, na wajukuu wenyewe ndio hawa wa themanini. Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba radhi. Kila mtu aliandika habari ile. Nani anayeandika ya bibi wa saa kumi na dakika ishirini?

Kwa hiyo kwa kamati zote zinazoandaa makongamano nyumbani, naomba kwa heshima. Wazee wapangwe saa ya kwanza ya siku na saa hiyo isiguswe na mtu yeyote. Mgeni rasmi akichelewa, kikao kianze, akifika atakaa asikilize. Najua si rahisi, najua kuna barua za kuombwa na magari ya kupokea, lakini nimewahi kumwona kiongozi mmoja akiingia katikati ya mada, akaketi nyuma kimya, na hakuna kilichompungukia. Kila mtoa mada awe na msomaji wa akiba anayejulikana tangu mwanzo, alipwe posho yake, jina lake liandikwe. Na ratiba ikibadilika usiku, mtu mmoja awe na kazi ya kuwapigia simu wasio na WhatsApp. Apige, aseme, aombe radhi. Muda wa maongezi wa shilingi elfu moja ungetosha kumwacha bibi alale mpaka jua litoke.

Jioni ile nilimfuata Mbagala. Mjukuu wake alitandika mkeka uani, karibu na karo la kufulia, mimi na yule binti wa Kimara tukaketi, nikaweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa nikawasha kurekodi. Bibi akafungua kikapu. Akachukua mwiko wa jikoni, kwa kukosa kijiti, akatuonyesha kwenye mchanga jinsi ming'oko inavyochimbwa: unafuata uzi wa mmea kwa mkono wa kushoto, unachimba pembeni, huchimbi juu yake usije ukaikata. Akasema bibi yake alijifunza hivyo akiwa na miaka kama saba, mwaka ambao mama yake hakurudi. Jirani akapunguza redio bila kuombwa. Rekodi ina saa moja na dakika arobaini, na inaishia pale bibi anapouliza kama tumeshiba.